Namna ya kukusanya komiki za Grognak the Barbarian kwenye Fallout, na kuzifanya zikusaidie kwenye mapigano

Kama umeingia kwenye gemu za Fallout hivi karibuni, labda baada ya kuangalia ile serial ya 2024, basi mapema tu utaokota komiki moja ina mbabe kifua wazi kashika shoka, juu imeandikwa Grognak the Barbarian. Wengi wanaiokota, wanaona kuna kitu kimeandikwa kwenye skrini, wanaendelea na safari. Baadaye sana ndo wanakuja kuuliza mbona wao wanapiga kwa shoka na adui hafi, na mwenzao anapiga mara mbili tu jamaa kalala.

Mi nimezikusanya hizi komiki kwenye gemu kadhaa za Fallout na nazipenda kweli, kwahiyo naandika hapa kila ninachokijua. La msingi ulishike toka mwanzo: komiki peke yake inaongeza kidogo mno, nguvu yake inaonekana ukiiunganisha na shoka la Grognak, na V.A.T.S. (mfumo wa gemu wa kulenga adui), na Luck (sifa ya bahati ya mhusika wako). Ukikusanya zote 10 za Fallout 4 afu ukaendelea kupiga risasi na bunduki utakuwa umejaza mkoba basi.

Kwanza ujue Grognak ni nani humo ndani

Kwenye dunia ya Fallout mabomu ya nyuklia yalidondoka tarehe 23 Oktoba 2077. Kabla ya hapo kulikuwa na kampuni ya komiki inaitwa Hubris Comics, ndo waliokuwa wanatoa Grognak, na pia Silver Shroud ambaye alikuwa na mchezo wake wa redio. Mashujaa wao waliwekwa pamoja kwenye kundi moja linaitwa The Unstoppables, humo yupo Grognak, Silver Shroud, Mistress of Mystery, Manta Man na The Inspector. Kumbe ni komiki ndani ya gemu, watu wa humo walizisoma wakiwa watoto, wakazihifadhi, na zaidi ya miaka 200 baada ya vita bado kuna mtu anaziokota kwenye vifusi na kuzisoma.

Aina yake ya hadithi ukiangalia majalada utaijua tu, ni yale mambo ya mbabe wa zamani za kale, wachawi, mashetani wa jangwani, malkia wa maharamia. Hadithi za namna hiyo Marekani zilikuwa zinauzwa kwenye majarida ya bei rahisi miaka ya 1930, na komiki zake zikashamiri miaka ya 1970. Waliotengeneza Fallout wamezivaa hizo hadithi vizuri, hadi majina ya matoleo yana ladha ile ile, mfano Fallout 4 kuna Jungle of the Bat-Babies, kuna What Sorcery Is This?, kuna Demon Slaves, Demon Sands. Mimi nayapenda haya majina kuliko hata bonasi yenyewe.

Hatua ya 1: jua uko kwenye gemu ipi, maana sheria zinabadilika

Hapa ndo watu wanachanganyana, mtu anasoma ushauri wa Fallout 3 anautumia kwenye Fallout 4 afu anaona hauendi.

Kwenye Fallout 3, iliyotoka 2008, Grognak ni kitabu cha skili. Ukikisoma skili yako ya Melee Weapons inapanda pointi 1 na kitabu kinaisha hapo hapo, hakirudi. Nakala ziko 25 zimetawanyika kwenye magofu ya Washington D.C. Sasa kuna perki, yaani uwezo wa ziada unaouchagua, inaitwa Comprehension, unaweza kuichukua ukifika leveli ya 4 kama Intelligence yako ni 4 au zaidi, hiyo inafanya kila kitabu kikupe pointi 2 badala ya 1. Kwahiyo ukiokota komiki ukiwa leveli ya 2 au 3, usiisome, iache kwenye mkoba au kwenye sanduku mpaka uwe na hiyo perki. Ni kitu kidogo ila hesabu yake ikijumlishwa ni kubwa, nakala 10 ulizosubiri zinakupa pointi 20, ulizoharakisha zinakupa 10.

New Vegas ya 2010 iko karibu na hivo hivo ila nakala ni chache sana, 4 tu kwenye gemu la msingi, na kila moja inatoa pointi 3, au 4 ukiwa na Comprehension. Kwakuwa ni chache hivo, huko ni dhambi kuisoma mapema.

Fallout 4, ya 2015, hakuna tena hizo skili za namba. Komiki ukiigusa tu imeshasomwa, bonasi inaingia papo hapo, na komiki yenyewe inabaki kwenye mkoba. Ziko 10, kila moja inaongeza asilimia 5 kwenye dameji ya kritikali (pigo maalum lenye nguvu kuliko la kawaida) ukitumia ngumi au silaha za mkononi, yaani ukizipata zote ni asilimia 50. Hakuna haja ya kusubiri chochote, okota.

Fallout 76 nitaigusa mwishoni maana yenyewe ina mambo yake. Mwongozo huu uliobaki sehemu kubwa ni Fallout 4, kwasababu huko ndo Grognak kapewa heshima yake kamili, ana shoka, ana vazi, ana hadi gemu ndani ya gemu.

Hatua ya 2: anzia nyumbani kwako

Ukitoka Vault 111, handaki la kujikinga na mabomu, mwaka 2287 unarudi Sanctuary Hills, nyumba yako imeshakuwa gofu na roboti wako Codsworth bado anafagia. Ongea naye, sawa, lakini kabla hujaondoka ingia ndani uende kwenye kaunta ya jikoni. Komiki ya kwanza ya Grognak iko hapo. Watu wengi wanaipita kwasababu akili iko kwenye hadithi, mke au mume kauawa, mtoto kaibiwa, nani atakumbuka kuangalia kaunta.

Ukiwa humo humo nenda chumba cha mtoto, cha Shaun, kuna kitabu kingine kinaitwa You're SPECIAL!, hicho kinakupa pointi 1 ya kuweka popote kwenye zile sifa saba. Mi naiweka Luck na nitakwambia kwanini kwenye hatua ya 4.

Afu fungua Pip-Boy yako, ile kompyuta ya mkononi, nenda sehemu ya perki, shuka chini utaona picha ya Grognak na idadi ya ulizopata. Hapo ndo pa kuangalia kila ukiokota, usitegemee kichwa.

Hatua ya 3: Hubris Comics, usiende mikono mitupu

Hili ndo jengo lenyewe, ofisi na duka la waliokuwa wanachapisha komiki, liko katikati ya Boston. Ndani yake kuna komiki ya Grognak, kuna Grognak's Axe, kuna Grognak Costume, na kuna vazi la Silver Shroud. Sehemu moja tu. Kama una muda wa kufanya kitu kimoja kwenye mwongozo huu wote, fanya hiki.

Kabla hujaenda pitia Goodneighbor, ingia Memory Den, utamkuta Kent Connolly, shabiki mkubwa wa Silver Shroud na mtu mwenye roho nzuri sana. Misheni yake inakutuma huko huko Hubris Comics kuchukua vazi la Silver Shroud, kwahiyo safari moja inamaliza mambo mawili. Ukiwa hapo Memory Den tafuta pia holotepu (kanda ya data) inaitwa Grognak & the Ruby Ruins, hii unaiweka kwenye Pip-Boy na unacheza gemu dogo la kizamani, Grognak anazunguka kwenye ramani na kupigana kwa zamu. Kaa chini uicheze, ina utamu wake, na ni njia nzuri ya kuelewa watu wa ile dunia walikuwa wanampenda Grognak kwa namna gani.

Sasa jengo lenyewe. Limejaa maghuli, wale watu walioharibiwa na mionzi mpaka akili ikaondoka. Wanalala chini kama maiti, ukipita wanaamka wanakuja mbio kwa kundi. Beba RadAway, dawa ya kuondoa mionzi, kwasababu kipigo chao kinakuingizia mionzi, na mionzi ikipanda inakula ile baa yako ya uhai kutoka upande wa pili, unajikuta Stimpak, zile sindano za kurudisha uhai, hazikujazi mpaka mwisho. Beba vibanio vya nywele vya kufungulia kufuli. Na sevu mlangoni, tena sevu kamili, sio kutegemea ile ya kujisevu yenyewe. Mara yangu ya kwanza niliingia nikiwa na leveli ndogo na sijasevu muda mrefu, kundi likanimaliza ngazini na nikarudishwa nyuma karibu saa nzima ya kucheza, iliniuma.

Mbinu ya ghuli ni mlango. Usiingie katikati ya chumba. Piga risasi moja ukiwa mlangoni, rudi nyuma, waje mmoja mmoja kwenye uwazi ule mwembamba. Ukiwapiga miguu wanaanguka na kutambaa, hapo wamekwisha. Safisha chumba kimoja kabisa ndo uende kingine, na maiti yoyote inayokutia shaka ipige kwanza kabla hujaipita.

Shoka liko kwenye kabati la maonyesho. Lichukue mapema kadiri unavyoweza maana utalitumia humo humo kupandia ghorofa za juu. Komiki iko juu, mezani. Usikimbilie kutoka ukishapata shoka, nimeona watu wanafanya hivo, wanarudi baadaye sana kufuata komiki na maghuli yamerudi.

Hatua ya 4: elewa kritikali inavyofanya kazi, hapa ndo penyewe

Kwenye gemu nyingi kritikali inatokea kwa bahati, unapiga piga na mara moja moja dameji inaruka. Fallout 4 sio hivo. Humo kritikali unaitengeneza wewe. Unaingia V.A.T.S., muda unapungua mwendo, unachagua adui na kiungo, unapiga. Kila pigo linaloingia linajaza baa ya kritikali chini ya skrini. Baa ikijaa, pigo linalofuata ndani ya V.A.T.S. unabonyeza kitufe kinachoonyeshwa pale na hilo linakuwa la kritikali, na halikosi.

Sasa soma tena bonasi ya komiki, dameji ya kritikali kwa ngumi na silaha za mkononi. Maana yake kama hutumii V.A.T.S. kabisa, zile komiki 10 zote zinakupa sifuri. Na kitu kingine kinachowapoteza watu, kumvizia adui kwa kunyata na kumpiga mgongoni sio kritikali kwenye Fallout 4, ile ina hesabu yake tofauti, perki zake ni za kina Ninja. Ukitaka komiki ifanye kazi ni lazima baa ijae.

Baa inajaa haraka kwa vitu viwili. Cha kwanza Luck, ukiwa nayo juu kila pigo linajaza zaidi, ndo maana ile pointi ya You're SPECIAL! naitupia huko. Cha pili ni idadi ya mapigo unayoweza kupiga kabla Action Points, pointi zinazotumika kila ukipiga ndani ya V.A.T.S., hazijaisha, na hapa ndo uzuri wa shoka unapokuja. Grognak's Axe inakula Action Points kidogo kuliko silaha nyingine za aina yake, inamyumbisha adui, na inamwachia jeraha linalotoka damu hata ukiacha kumpiga. Yaani mapigo mengi, baa inajaa haraka, kritikali inakuja mapema, komiki zinaongeza dameji juu ya ile kritikali, na wakati huo adui anayumba hawezi kukurudishia. Ukiona hilo limekaa pamoja ndo utaelewa kwamba shoka na komiki vilitengenezwa viende pamoja.

Perki za kuongezea, kwa utaratibu ninaoufuata mimi:

Big Leagues kwanza, inataka Strength 2 tu, inaongeza dameji ya silaha za mkononi moja kwa moja na inasaidia kila pigo sio kritikali pekee. Afu Better Criticals, inataka Luck 6, daraja lake la kwanza peke yake linaongeza asilimia 50 kwenye kritikali. Critical Banker inataka Luck 7, inakuruhusu kuweka akiba ya kritikali kwa ajili ya baadaye, na hii kwa mtu wa shoka ni dhahabu, maana maghuli wadogo unawajazia baa tu bila kutumia, ukikutana na deathclaw, lile dubwana lenye makucha, unaitoa. Ya mwisho Blitz, Agility 9, ni mbali ndio, ila ukiwa nayo V.A.T.S. inakupeleka kwa adui aliye mbali kwa kasi ya ajabu na tatizo kubwa la mtu wa shoka, kwamba anapigwa risasi kabla hajafika, linapungua sana.

Kuhusu vazi la Grognak, linaongeza Strength 2 na linafaa mtu wa shoka, lakini ni nguo ya mtu kifua wazi, halina kinga ya maana ya risasi. Ninalivaa nikiwa nasafisha maghuli, nikijua naenda kwa watu wenye bunduki navua naweka gia ya kawaida. Strength ikipanda uzito unaoweza kubeba unapanda pia, kwahiyo wengine wanalibeba kwa ajili hiyo tu, wakielemewa na mizigo wanalivaa wafike nyumbani.

Hatua ya 5: kutafuta zilizobaki

Kila komiki kwenye Fallout 4 ina mahali pake pamoja pa kudumu, hazitokei kwa bahati na hazipo kwenye maiti za maadui wa kawaida. Hii ni habari njema maana jengo ulilolipekua vizuri umemalizana nalo. Habari mbaya ni kwamba inabidi ulipekue vizuri kweli.

Ninavyofanya: nikiingia jengo nimalize maadui kwanza, afu ndo naanza kupekua nikiwa nimetulia na taa ya Pip-Boy imewashwa. Naangalia sehemu za juu za vitu kabla ya kufungua makabati, yaani meza, kaunta, juu ya madeski, pembeni ya vitanda. Komiki huwa inawekwa mahali ambapo mtu angeiacha kweli akiwa anasoma, haifichwi sana. Jicho likizoea utaitofautisha na vile vitabu vilivyoungua vilivyozagaa kila kona, jalada la komiki lina rangi, vile vingine ni vyeusi na kijivu tu. Pia chumba chenye mifupa ya mtu kakaa kwenye kiti au kitandani, kiangalie mara mbili, waliotengeneza gemu wanapenda kusimulia mtu alikuwa anafanya nini siku ile ya mwisho na komiki mara nyingine ni sehemu ya huo msiba.

Usichanganye na The Unstoppables, hiyo ni komiki nyingine ya Hubris hao hao na Grognak yumo, lakini bonasi yake ni tofauti, ziko 5 na kila moja inakupa asilimia 1 ya uwezekano wa kukwepa kabisa dameji ya shambulio. Ukiiona ichukue, ila usiihesabu kwenye 10 zako.

Na ukishakuwa nazo, usitembee nazo mkobani. Bonasi imeshaingia mwilini, komiki yenyewe haikusaidii tena kuibeba. Jenga raki ya majarida kwenye makazi yako uzipange, majalada yote 10 ni tofauti na yamechorwa kwa mapenzi, nenda karibu uyaangalie moja moja. Mimi raki yangu naiweka kwenye ile ile nyumba ya Sanctuary.

Fallout 3 mara moja, kwa wanaoipenda hadithi

Kama unacheza Fallout 3 kuna sehemu mbili usizipite. Ya kwanza hata huwezi kuipita, ni sherehe yako ya kutimiza miaka 10 ndani ya Vault 101, rafiki yako Amata anakupa zawadi na zawadi yenyewe ni Grognak. Fikiria mtoto aliyekulia chini ya ardhi, hajawahi kuona jua, zawadi ya maana kuliko zote ni komiki ya mtu anayezunguka duniani akiwa huru na shoka lake. Ya pili ni Hubris Comics Publishing, huko D.C. nako wana jengo lao, na ndani kuna terminali yenye gemu la maandishi linaitwa Reign of Grelok. Unacheza kwa kuchagua maneno tu, hakuna picha. Kaa nalo mpaka mwisho.

Fallout 76

Huku, gemu ilitoka 2018 na ni ya mtandaoni, komiki haikupi bonasi ya kudumu. Unaisoma, inatoweka, unapata nguvu kwa muda halafu zinaisha. Matoleo yanatofautiana kwa kile yanachokupa, kwahiyo soma maelezo kwanza kabla ya kubonyeza. Pia hazina mahali pa kudumu, kuna sehemu zinazoweza kutoa jarida au bobblehead (kisanamu cha kichwa kinachotikisika) na unachokikuta ni bahati ya siku hiyo.

Kwahiyo huku usisome ovyo. Weka akiba, subiri pigano kubwa, vaa kadi ya perki inayoitwa Curator ambayo inaongeza muda wa majarida na bobblehead mara mbili, ndo usome, na uwe umeshika silaha ya mkononi tayari kabla hujaisoma maana muda unaanza kuhesabika hapo hapo. Zilizozidi unaweza kuwauzia wachezaji wengine kwa caps, hela ya humo, kwenye mashine yako ya kuuzia pale kambini, au ukaziweka kwenye kabati la maonyesho. Nakala moja ya kila toleo mi siiuzi na siisomi, hiyo inakaa kabatini.